Vifaa vipya, ugonjwa mpya: kutafuta tatizo kwenye gari la zamani ulilotoka kulifufua

Land Rover Series III ya marehemu baba ilizima Magomeni Mapipa saa moja na nusu asubuhi, siku ya tatu tangu itoke kupakwa rangi. Injini ilikuwa imefunguliwa yote na kufungwa upya, waya zote mpya, kabureta inang'aa. Daladala zilijipanga nyuma yangu zikipiga honi, mpaka kondakta mmoja akashuka kunisaidia kuisukuma pembeni. Jioni yake, tochi mkononi, nikakiona kilichoniangusha: kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mahindi, nilichokirudisha ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, upande usio wake.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kufufua Datsun 1200 ya shemeji, Beetle ya jirani yetu wa Sinza na Peugeot 504 ya rafiki, na yote yamenirudisha palepale. Gari la zamani likisumbua baada ya matengenezo, usimtafute mchawi mbali. Anza na kitu kilichoguswa mwisho, na katika hicho anza na kile kidogo kabisa: washa, klipu, sili, skrubu. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kimefungwa kinyume, au kimekazwa kupita kiasi, au kipimo chake kinakaribiana tu na kile kinachotakiwa.

Jambo moja la kulishika kabla hatujaenda mbali: kifaa cha zamani usikitupe. Hata kikiwa kimepasuka vipande viwili, kitie kwenye kopo, andika kimetoka wapi, kikae humo mpaka kipya kiwe kimetembea kilomita mia tano bila lawama. Mimi nina rafu nzima ya makopo ya Blue Band. Kifaa cha zamani ndicho shahidi pekee aliyekuwepo gari lilipokuwa likifanya kazi sawasawa, na huko chini nitamwita mara kwa mara.

Injini inazunguka lakini haiwaki, na jana tu umebadili pointi

Gari lenye distributa ya pointi, yaani midomo miwili inayofungua na kufunga umeme wa koili, linahitaji waya wa koili na waya wa kondensa viguse springi ya pointi, na wakati huohuo visiguse kabisa bamba la distributa. Kinachovitenganisha ni kile kiplastiki chenye umbo la kofia. Kikikaa juu mahali kinapotakiwa kukaa chini, au ukikisahau, umeme unashuka moja kwa moja kwenye bodi. Pointi zinafunguka na kufunga kwa macho, ila kwa umeme ni kama hazijafunguka hata mara moja, na koili haitoi cheche. Kwangu kile kichwa cha waya kilikaa siku tatu bila kugusa, mtikisiko ukakisogeza kidogo kidogo, kikagusa Magomeni.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Chukua taa ya kupimia, ncha moja kwenye mguu wa koili unaokwenda distributa, nyingine kwenye chuma cha bodi. Washa swichi, zungusha injini kwa mkono. Pointi zikifunguka taa iwake, zikifunga izime.

Ikiwa taa haiwaki kabisa, hakikisha kwanza mguu wa pili wa koili unapata umeme. Kama unapata, kuna mahali umeme unatorokea kwenye bodi: kofia ya plastiki imekaa vibaya, waya umebanwa na kifuniko, au kondensa imekufa kwa ndani. Chomoa kondensa, pima tena. Taa ikianza kuwaka na kuzima, umempata mhusika.

Ikiwa taa inawaka muda wote, pointi hazishiki. Pointi mpya huja na utando wa mafuta ya kuzuia kutu, na watu wengi huzifunga hivyohivyo. Pitisha karatasi safi yenye spiriti katikati ya midomo yake mara mbili tatu. Angalia pia ule waya mfupi laini unaounganisha bamba la ndani na mwili wa distributa. Kwenye magari ya umri huu hukatika ndani ya ganda lake na kwa nje ukaonekana mzima.

Kuna dalili mbili za jamii hiyohiyo zinazochanganya watu. Ya kwanza, gari linawaka vizuri asubuhi, likipata moto linazima, likipoa linawaka tena. Hapo kondensa na koili ndizo za kwanza kushukiwa. Kondensa za siku hizi nyingi ni dhaifu, kwa hiyo ile ya zamani iliyotolewa ikiwa nzima ni mali. Irudishe uone. Kama gari limepona, hukuwa na sababu ya kuibadilisha.

Ya pili ni ya polepole. Gari linatoka gereji likiwa na nguvu, baada ya wiki mbili linapanda mlima kwa shida na injini inapata joto kuliko kawaida. Fungua distributa upime mwanya wa pointi. Kwa distributa nyingi za Lucas, zilizo kwenye magari ya Kiingereza, unatakiwa uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Ukikuta umebaki nusu yake, kisigino cha pointi kimelika kwa sababu hakikupakwa grisi. Mwanya ukipungua, cheche inachelewa. Tiba ni tone la grisi isiyoyeyuka kwa joto, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kwenye kamu ya distributa. Ukizidisha, itarushwa kwenye midomo ya pointi na utarudi pale mwanzo.

Bolti inaingia mizunguko mitatu kisha inakwama

Hapa ndipo pesa nyingi na vyuma vingi vizuri hupotea. Nenda duka lolote la bolti Kariakoo au Gerezani, sema "nipe namba nane," utapewa bolti ya milimita 8. Lakini bolti ya inchi 5/16 iliyotoka kwenye gari la Kiingereza ina unene wa milimita 7.94. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, na kidole pia hakiioni. Tofauti iko kwenye uzi. Bolti ya M8 ya kawaida ina uzi wa hatua ya milimita 1.25, yaani kama nyuzi 20 kwa inchi. Ya Kiingereza ya 5/16 ikiwa UNF ina nyuzi 24, ikiwa BSF ina 22 (hayo ni majina ya aina za uzi wa inchi). Zinakubaliana mizunguko miwili mitatu, halafu zinaanza kulana. Mwenye haraka anachukua spana ndefu. Bolti inaingia, ndiyo, ila imekwenda na uzi wa tundu.

Nati nayo ina hatari yake. Nati ya M8 huweza kulazimishwa kwenye bolti ya 5/16, ukaona imeshika. Inashika kwa ncha za meno tu. Siku utakayopita barabara mbovu itaachia.

Ujue gari lako limetoka wapi. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 kurudi nyuma yalitumia BSF na Whitworth, ambazo hata pembe ya jino ni digrii 55, wakati UNF na za milimita zina digrii 60. Baadaye Waingereza wakahamia UNF na UNC, lakini hawakuhama kwa siku moja: kwenye Land Rover za Series unakuta familia zote mbili ndani ya gari moja, wakati mwingine kwenye kifaa kimoja. Volkswagen na Peugeot ni milimita. Wajapani ni milimita pia, ila bolti zao za M10 mara nyingi zina hatua ya 1.25, na ile utakayouziwa dukani huenda ni ya 1.5.

Sasa mwite shahidi. Laza bolti ya zamani juu ya mpya, uzi kwa uzi, zielekeze kwenye mwanga. Meno yakiingiliana urefu wote bila mwanga kupenya katikati, ni ndugu. Yakianza kupandana baada ya jino la nne au la tano, rudisha dukani. Kipimo hiki hakinidanganyi kwa bolti ndefu kidogo. Kwa fupi, nunua kipimio cha nyuzi, kile chenye majani ya chuma kama kisu cha kukunja. Na kila bolti, bila kujali imetoka wapi, iingie kwa vidole mizunguko mitano kabla spana haijaguswa.

Skrubu za Kijapani zina neno lake. Kabureta na distributa za Datsun na Toyota za zamani zimefungwa kwa skrubu zenye msalaba unaofanana na wa kawaida, ila umbo la shimo lake ni tofauti. Bisibisi ya kawaida haifiki chini. Inapanda juu na kula kichwa. Watu hudhani skrubu ni laini, kumbe bisibisi si yake. Baadhi ya skrubu hizo zina kitone kidogo kichwani, hiyo ndiyo alama yake. Bisibisi yenye ncha ya Kijapani ilinimalizia ugomvi na kabureta ya shemeji uliokuwa umedumu wiki nzima.

Uzi ukishalika kwenye aluminiamu, usijaze gundi ya chuma. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma, atoboe na kuweka uzi wa chuma ndani yake. Beetle hudhurika sana chini ya tumbo, pale kwenye bamba la chujio la oili lenye nati sita ndogo za M6. Zinataka Nm 7 tu, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Kila ninayemjua aliyevuliwa uzi pale alikuwa anajaribu kuzuia kuvuja.

Oili inavuja palepale ulipobadilisha sili

Kabla hujafungua tena, fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma polepole, shikilia karatasi nyepesi juu ya tundu. Kupepea kidogo ni kawaida. Ikisukumwa kwa nguvu, injini haina mahali pa kupumulia. Kwenye ufufuaji hili hutokea sana: kichujio cha pumzi kimezibwa na rangi, au kilisafishwa nje ndani kikabaki na lami ya miaka arobaini. Presha inatafuta njia, na njia rahisi ni kwenye mdomo wa sili yako mpya. Osha kichujio hicho kwa mafuta ya taa, kikauke, kirudishe. Ni kazi ya bure inayookoa siku nzima ya kutoa injini.

Presha ikiwa sawa, rudi kwenye sili, ile pete ya raba inayozuia oili isitoke kwenye shafti. Upande wenye springi nyembamba ya mduara unaelekea kwenye oili. Mdomo ulitakiwa ulainishwe kwa oili kabla ya kuingia, maana mdomo mkavu huungua dakika za mwanzo tu. Kama shafti ina mfereji wa ufunguo au uzi mwishoni, pale panakata mdomo kama wembe, kwa hiyo zungushia karatasi laini ya nailoni kwanza, ingiza sili, vuta nailoni. Na isigongwe kwa nyundo upande mmoja mmoja. Tafuta soketi kubwa au kipande cha bomba kinachokaa kwenye ukingo wa nje, uigonge iingie sawa.

Pitisha ukucha kwenye shafti mahali mdomo unapokaa. Ukihisi mfereji, sili yoyote utakayonunua itavuja. Kama nyumba ya sili ina nafasi, ikalishe milimita moja au mbili mbele au nyuma ya ulipokuwa mfereji. Kama haina, shafti iende kwa fundi wa kukereza ivishwe ganda.

Ukienda kununua, nenda na ile ya zamani. Namba zilizoandikwa, mfano 35 52 7, ni kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu, na unene, kwa mpangilio huo. Kama maandishi yamefutika pima mwenyewe, tena pima tundu na shafti, maana sili iliyotolewa kwa bisibisi imeshapinda. Kwenye gari la Kiingereza utapata vipimo visivyo kamili: inchi mbili ni milimita 50.8. Muuzaji atakupa ya 50, atakuambia "hii inaingia, paka silikoni." Inaingia kweli. Inatoka pia.

Silikoni nayo niseme wazi: naiona kuwa adui wa injini za zamani inapopakwa kwa wingi. Inayobanwa nje unaifuta, inayobanwa ndani inakatika na kuishia kwenye chujio la pampu ya oili. Gasketi ya koki ikionekana imekuwa fupi, haijaharibika, imekauka tu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda, itarudi urefu wake. Halafu angalia kingo za kifuniko chenyewe. Kikikazwa sana huko nyuma, kimebonyea kuzunguka kila tundu la bolti, na hakuna gasketi itakayojaza hapo. Kilaze juu ya mbao, kinyooshe kwa nyundo ndogo.

Washa za shaba, za tundu la kumwagia oili na za mabomba ya breki, hukakamaa zikishakazwa mara moja. Weka mpya. Ikikosekana, kwa ile ya oili, ichome hadi iwe nyekundu, iache ipoe au itumbukize majini. Shaba haiwi ngumu kwa maji kama chuma kinavyokuwa. Itakuwa laini tena.

Harufu ya petroli, moshi mweusi, au mngurumo unaopanda na kushuka

Kabureta ikimwagika juu, mtu wa kwanza kulaumiwa ni floata, lile boya la ndani ya bakuli. Mimi huanza na washa iliyo chini ya vali ya sindano. Unene wake ndio unaopanga usawa wa petroli ndani ya bakuli: washa nyembamba kuliko ya awali inaipandisha vali, floata inachelewa kufunga, petroli inapanda. Kifurushi kipya mara nyingi huja na washa tatu za unene tofauti kwa sababu kinahudumia kabureta za aina nyingi. Pima ya zamani, weka inayolingana nayo.

Mngurumo unaopanda na kushuka ni hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Chukua mpira mwembamba wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine izungushe kuzunguka kitako cha kabureta na maungio ya manifoldi. Utasikia mluzi penye tundu. Wengine hupuliza petroli waone kama mngurumo unabadilika. Juu ya manifoldi ya moto siwezi kukushauri hivyo. Chanzo cha kawaida ni kitako kilichopinda kwa kukazwa kupita kiasi. Zenith 36IV za Land Rover hupinda sehemu ya juu vilevile, pale zinapokutana na mwili wa kabureta, na dalili yake ni gari kula petroli na kugoma kutulia. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua kwa mzunguko mpaka uso wote uwe na rangi moja. Na ule mpira wa duara wa ndani uwe mpya.

Mpira wa petroli uwe wa petroli. Ule wa maji hulainika na kuvimba ndani ya miezi michache, na klipu ya skrubu huukata kwenye shingo. Baada ya safari ya kwanza ya moto, pitisha kidole kila kiungo. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti, sio chini ya mizigo.

Breki: hapa simamisha gari kwanza

Pedali ni laini, umetoa upepo mara nne, bado inazama. Kwenye gari lenye kalipa, angalia skrubu ya kutolea upepo iko wapi. Lazima iwe sehemu ya juu kabisa. Kama iko chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Hewa hukaa juu, wewe unatoa mafuta ya chini. Utamaliza lita nzima bila mafanikio. Zibadilishe pande, tatizo limekwisha. Nimeliona hili kwenye gari lililokuwa limekaa gereji mwezi mzima likibadilishwa silinda kubwa, ile inayosukumwa na pedali, mara mbili.

Breki zinabana zikipata joto, gari linajifunga lenyewe. Likiwa katika hali hiyo, legeza skrubu ya upepo ya gurudumu linalobana. Likiachia, kuna presha iliyonaswa. Sasa funga, liache libane tena, safari hii legeza bomba pale kwenye silinda kubwa. Likiachia hapo, tatizo ni silinda kubwa au fimbo ya pedali: lazima fimbo iwe na mchezo mdogo, vinginevyo pistoni haifungui kile kitundu cha kurudishia mafuta. Lisipoachia, mpira wa breki umeziba kwa ndani, ingawa kwa nje unang'aa.

Raba za ndani zikivimba wiki chache baada ya kufungwa, zimeguswa na kitu chenye asili ya petroli. Aliyezisafisha alitumia petroli, au alipaka grisi ya kawaida ili ziingie. Zinalainishwa kwa mafuta ya breki tu. Zikishavimba, zote zitolewe, mfumo wote uoshwe kwa spiriti.

Kisha ile hatari ninayoiogopa kuliko zote. Nati ya bomba la breki ya M10 yenye hatua ya 1 na ile ya inchi 3/8 UNF zinakaribiana mno, na fundi mwenye nguvu huweza kulazimisha moja kwenye tundu la nyingine. Umbo la mdomo wa bomba nalo linatofautiana: wengine hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, Wajerumani na Wafaransa wengi hutumia ule wa kitunguu. Vyote viwili lazima vilingane na vya zamani. Likivuja, usizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Kwenye breki kinachozuia mafuta ni mdomo wa bomba. Uzi kazi yake ni kubana tu. Utepe utaficha kosa na vipande vyake vitaingia kwenye silinda.

Taa hafifu, indiketa zinachezacheza

Ukikanyaga breki indiketa nayo inang'aa kidogo: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, haishiki. Taa ya mbele moja ina mwanga wa mshumaa: ethi. Rangi mpya ndiyo inayoleta balaa hili, maana kila skrubu iliyokuwa ikigusa chuma sasa inagusa rangi. Chukua waya mrefu, unganisha bodi ya taa na hasi ya betri. Mwanga ukirudi, kwangua rangi chini ya skrubu mpaka chuma kionekane, weka washa ya meno, kaza, kisha paka vaselini juu kuzuia unyevu.

Kabla ya hapo thibitisha kwamba hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga chanya. Na Beetle za kabla ya miaka hiyo nyingi ni volti 6. Balbu ya 12 humo itawaka kwa huzuni.

Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni nusu ya hapo. Ukiweka ya kisasa ya 35, umeruhusu waya kubeba mara mbili ya ulivyokusudiwa. Weka ya 17 au iliyo karibu nayo kwa chini.

Mlio wa chini na gari kusimama juu kuliko kawaida

Bushi mpya zinapiga kelele au zimechanika baada ya mwezi. Swali langu la kwanza kwa fundi huwa moja: "Fundi, bolti ulizikaza gari likiwa juu ya jeki?" Jibu karibu siku zote ni ndiyo. Bushi za raba zikikazwa magurudumu yananing'inia, zinashika katika mkao huo; gari likishushwa zinabaki zimejisokota muda wote. Legeza bolti za springi, shusha gari kwa magurudumu yake, litikise, ikiwezekana liendeshe taratibu mita chache, ndipo ukaze. Wakati wa kuingiza tumia maji ya sabuni. Oili inakula raba.

Beringi za magurudumu zikilegea baada ya kilomita mia, ganda la nje halikufika chini lilipogongwa, au kulikuwa na uchafu nyuma yake. Ganda na koni yake vitoke kwenye boksi moja. Splitipini iwe mpya kila mara.

Joto linapanda kwenye foleni

Mafundi wetu wengi hutoa thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, kwa hoja kwamba Dar kuna joto. Kwenye injini zenye njia ya maji ya pembeni, thamostati iliyofunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na foleni ya Ubungo itakuonyesha matokeo. Irudishe, springi ikielekea ndani ya injini, na kama ina kitundu chenye pini inayochezacheza, kikae juu ili hewa itoke.

Malengelenge kwenye rangi kuzunguka kila skrubu

Mwaka mmoja baada ya rangi, hasa kwa gari linalolala Msasani, Upanga au Kigamboni, rangi inainuka kuzunguka skrubu na chini yake kuna unga mweupe. Bodi ya Land Rover ni aloi ya aluminiamu. Chuma cha pua kikiigusa moja kwa moja, na chumvi ya bahari ikaleta unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kila skrubu iwe na washa ya nailoni chini yake, na uzi wake upakwe grisi. Grisi hiyo ina kazi ya pili: chuma cha pua juu ya chuma cha pua hung'ang'aniana wakati wa kukaza, ikawa huendi mbele wala nyuma.

Usihamishie bolti hizo zinazong'aa kwenye springi, usukani au breki. Bolti iliyoandikwa A2-70 ina nguvu ndogo kuliko ya kawaida iliyoandikwa 8.8. Malengelenge yakiwa yameshaanza, toa skrubu moja moja, kwangua mpaka aluminiamu safi, paka praima ya aluminiamu, acha ikauke kabisa, ndipo urudishe skrubu na washa yake. Ifanyike kabla ya masika. Mvua za Machi zikikukuta na matundu wazi, maji yatashuka ndani ya fremu, na fremu ya Land Rover ni chuma.